Sampuli Iliyoogeshwa

Katika ofisi ya madini walimwita Mlamba Mawe, naye hakununa, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Wenzake wakiokota jiwe huligeuza mara mbili wakaandika "halijulikani". Yeye hulikwaruza kwa ukucha, hulitazama kwa lenzi, kisha huligusa kwa ncha ya ulimi.

"Siku utakayolamba sumu," dereva wa ofisi alimwambia, "tutakuzika na lebo shingoni."

"Mradi muandike na tarehe."

Alhamisi ile, ndani ya handaki moja la mgodi uliofungwa zamani, kurunzi yake iliangukia kiraka cha nywele za buluu ukutani, laini kama manyoya ya kifaranga, mahali pakavu pasipofikiwa na tone la mvua. Ukucha ulizikwaruza bila taabu. Chembe aliyoiweka ulimini ilikuwa kali kama ndimu iliyolala na sarafu, kisha haikuwepo. Nyingine akaitia kwenye kifuniko cha chupa chenye maji: ikayeyuka, maji yakawa buluu. Akapekua kitabu cha madini, na kila dalili ikakubali: madini adimu yanayoyeyuka majini. Mwandishi wa kitabu alikiri kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuyaona madini hayo kwa macho.

Alibandua nusu kwa kisu, pamoja na kipande cha mwamba wake. Nusu akaiacha ukutani, kama adabu ya kazi inavyotaka. Sampuli akaitia katika kopo kavu na kubandika lebo: ISIGUSWE NA MAJI. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Jumatatu kamati ingekuja kukagua kabati la madini, na aliyeingiza kitu cha maana humo angepewa ajira ya kudumu. Njia nzima alilipakata kopo kama mtoto mchanga.

Mtunza kabati alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake tumbo moja, mtu msafi wa kupindukia. Kwa miaka thelathini alikuwa na sheria moja, aliyoiandika kwa rangi nyekundu mlangoni: HAKUNA SAMPULI INAYOINGIA BILA KUOGA. Ndoo, brashi, sabuni ya unga. Kabati lake liling'aa kuliko meno yake.

Ijumaa asubuhi Mlamba Mawe aliliacha kopo mezani, akaenda kwa karani kuchukua ufunguo wa kabati. Dakika tano tu. Aliporudi, mjomba alikuwa amekunja mikono ya shati, ameinamia ndoo.

"Jiwe lako lilikuwa na ukungu, mpwa wangu," alisema kwa fahari. "Nimelisugua likatakata."

Alishika kipande cha mwamba wa kijivu, safi kabisa, ndugu wa kokoto zote za barabarani. Maji ya ndoo yalikuwa buluu ya kupendeza.

"Lebo hukuisoma?"

"Niliisoma. Nikajua umeandika kwa haraka. Jiwe gani linaogopa maji?"

"Hilo."

"Basi si jiwe."

Akaridhika na hoja yake, akamwaga ndoo.

Jumapili mchana mjomba alifika nyumbani kwa dada yake, akaitikia shikamoo kabla haijatolewa, akatoa barua iliyokwisha kuchapwa. Mlamba Mawe aliisoma kwa kusimama. Ilisema kwamba yeye, kwa ugeni wa kazi, alidhani ukungu ni madini adimu, akaisumbua ofisi, na sasa anaomba radhi. Ilibaki sahihi yake tu.

"Dereva ameshaieneza habari," mjomba alieleza. "Kamati itaniuliza madini yako wapi. Niseme nimeyaosha? Nastaafu mwezi ujao, na cheti cha utumishi usio na doa kimeshachapwa. Wewe bado kijana. Saini, nitakutafutia kiti pale mapokezi."

"Na madini?"

"Yatakuwa hayakuwepo. Hilo linamuumiza nani?"

Mama yake alikuwa akipiga pasi. "Saini, mwanangu. Ni mjomba wako. Nani alikufundisha kusoma saa?"

"Ni yeye, mama. Na kunawa mikono pia. Nadhani tatizo lilianzia hapo."

Mama aliuma mdomo asicheke.

"Mjomba, miaka yote thelathini umeosha sampuli ngapi?"

"Zote," alijibu kwa fahari. Kisha akaitazama mikono yake.

Mlamba Mawe aliigeuza barua, akaandika nyuma yake: Handaki la kumi na mbili, hatua arobaini kutoka mlangoni, ukuta wa kushoto, usawa wa bega. Nusu ipo. Nusu iliyokusanywa ilioshwa na mtunza kabati siku ya Ijumaa. Waje na kopo kavu. Akatia sahihi.

"Hii naipeleka kwa kamati kesho, kwa mkono wangu."

"Umenivua nguo," mjomba alisema kwa sauti ndogo. "Basi angalau uniombe radhi, hapa, mbele ya mama yako."

Mama aliinua pasi, akangoja.

"Siombi, mjomba," alisema, akiikunja karatasi. "Leo siombi, na kesho usiningojee."