Moyo wa Gerta

Mwezi wa pili wa mwaka 1979, nikiwa mwaka wa mwisho katika Chuo cha Mtakatifu Lioba, tulikuwa tumeshaharibu mioyo mitatu ya ng'ombe.

Tulikuwa wawili: mimi, Verena Dirkes, mtoto wa mfuga ng'ombe wa maziwa, na Colette Paquin, binti wa daktari wa mji wa Duluth, mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Ili tupate shahada ilitubidi tuitoe kwenye moyo protini moja nyekundu, ile inayousaidia mwili kuitumia hewa tunayovuta, tuisafishe mpaka ibaki peke yake. Mioyo tuliinunua mjini, imegandishwa. Tulisaga, tukachuja, tukangoja, na kila mara tukapata maji yenye rangi ya chai iliyolala.

"Moyo uliokaa dukani wiki mbili umeshasahau kazi yake," alisema Sista Walburga, mwalimu wetu wa biokemia. Alikuwa mtawa mfupi wa miaka sabini, na koti lake la maabara lilikuwa limetobolewa na asidi mikononi mpaka likafanana na chekeche. "Verena, si kwenu kuna ng'ombe?"

"Wapo arobaini na wawili, Sista. Ila wote bado wanaitumia mioyo yao."

Maabara ile ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya jiko la watawa. Asubuhi harufu ya mkate ilipanda ngazi ikachanganyika na ya dawa, na mabomba ya kupashia joto yaligonga ukutani kama mtu anayeomba afunguliwe. Kabla ya kupanda maabara tulikuwa na kipindi cha Padri Cuthbert, aliyetufundisha falsafa na habari za roho. Tukikutana naye mezani mchana, aliuliza, "Haya, mmeiona roho leo?" Colette alimjibu, "Bado, Padri. Tumefika kwenye ini." Alicheka kila siku, kana kwamba hajapata kulisikia jibu hilo. Nimefanya kazi katika maabara kubwa tangu wakati ule, zenye mashine za ajabu. Hakuna hata moja iliyonukia mkate.

Basi nilimwandikia baba. Barua za nyumbani aliziandika mama siku zote, lakini safari hii jibu lilitoka kwa baba mwenyewe, kwa penseli:

"Gerta hashiki mimba tena. Namchinja Jumamosi asubuhi, moyo nitauleta mwenyewe. Funga vitu vyako. Kaka yako Leander amepata kazi Minneapolis, harudi. Mama yako mgongo haumruhusu kukamua. Utarudi nami nyumbani. A. Dirkes."

Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama kwenye ukumbi wa kanisa. Ilikuwa imebaki miezi mitatu tu nimalize.

"Mwambie Sista," Colette alisema.

"Nimwambie nini? Baba akisema, amesema."

"Basi mimi ndiye nitakayemwambia."

"Ukithubutu, sisemi nawe tena mpaka kiyama."

Ijumaa nilifunga sanduku langu. Colette alikaa kitandani akinitazama.

Jumamosi saa tatu baba alipanda ngazi zetu. Miaka minne nilisoma pale, na hakuwahi kuvuka geti. Alikuwa na kofia yake ya kufunika masikio na ndoo ya maziwa iliyoshindiliwa theluji, na ndani ya theluji ulikuwamo moyo wa Gerta, mkubwa kama kichwa cha mtoto.

Sista Walburga hakupoteza muda kwa salamu. "Umechinja saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu, Sista."

"Mungu akubariki. Weka hapa."

Colette alichukua kisu chake kidogo cha maabara akaanza kuondoa mafuta, taratibu. Baba alivumilia kama dakika mbili.

"Binti, unaukata au unaubembeleza?"

"Nifundishe basi, Mzee Dirkes, badala ya kunisimanga."

Sista alimpa baba kisu cha jikoni. Mafuta yalitoka kama ganda la chungwa, mishipa ikafuata, na nyama nyekundu ikabaki peke yake. Kisha baba akasimama, akaingiza kidole ndani.

"Kizibo hiki cha kuzuia damu isirudi nyuma kimechakaa," alisema. "Ndiyo maana alikuwa anahema akipanda kilima. Nilidhani ni uzee."

Sista aliinama akatazama, akavaa miwani, akatazama tena. "Umejifunzia wapi haya?"

"Kwa ng'ombe waliokufa. Akinifia mmoja, namfungua. Siwezi kumfukia bila kujua kilichomuua." Alifuta kisu. "Shule niliachia darasa la nane. Baba yangu alihitaji mikono."

Sikuweza kumtazama.

Tulisaga nyama kwa mashine tuliyoazima jikoni, tukaitia kwenye asidi, tukawa tunaikoroga. Saa sita kengele ya sala ikalia. Sista akaanza Malaika wa Bwana palepale, na baba akavua kofia, akaitikia na damu mikononi. Tulipomaliza nilimsogelea.

"Baba, sanduku langu liko tayari. Ukitaka kuwahi kukamua..."

"Ngoja kwanza," alisema. "Nataka nione."

Tulichuja, tukapunguza ukali wa asidi, tukamimina maji yale ndani ya bomba la kioo lililojazwa chembe nyeupe za kunasia protini. Baba alivuta kiti akakaa mbele yake kama anayelinda ng'ombe aliye karibu kuzaa. Saa tisa na kitu ilianza. Juu kabisa ya chembe zile pakatokea mstari mwembamba, mwekundu, safi, ukaendelea kukolea. Colette alinishika mkono akaubana mpaka ukauma.

"Ndiyo yenyewe hiyo?" baba aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo yenyewe," Sista alisema. "Hata wewe unayo. Ni mnyororo wa viungo mia moja na nne. Baina yako na Gerta tofauti ni viungo kumi tu."

Baba alifikiri. "Kumi? Nina shemeji ambaye kati yake na Gerta hazifiki kumi."

Sista Walburga alicheka mpaka akashika meza. Baba naye akatabasamu, kisha akanigeukia.

"Na wewe unaelewa kwa nini inanasa pale, haishuki?"

Nilimweleza. Nilimweleza vibaya, nikarudia, nikachora kwenye karatasi. Aliuliza maswali manne, na la nne sikuwa na jibu lake. Ilibidi Sista anisaidie.

Saa kumi nilimsindikiza kwenye gari. Nyuma alikuwa amefagia, akaweka kamba na blanketi kwa ajili ya sanduku langu. Alivitazama kidogo, akazungusha ile kamba akaitia ndani ya ndoo.

"Mnamaliza lini?"

"Mwezi wa tano, tarehe ishirini."

"Basi mama yako atataka kofia mpya." Aliwasha gari. Mimi nilikuwa nimeanza kulia. "Ingia ndani," alisema, "utaganda hapa, halafu nani atamjibu yule mtawa?"

Mama aliniambia baadaye kuwa baba alifika nyumbani gizani, akakamua peke yake, na wiki iliyofuata akauza ng'ombe kumi na watano. Hakuwahi kunitajia. Tarehe ishirini, siku ya mahafali, alikaa safu ya pili, na kofia ya mama iliwazuia watu watatu wasione.

Mimi nilikwenda Madison kuendelea na masomo. Colette akawa daktari, mdomo ukiwa uleule. Baba alipouza ng'ombe waliobaki, kiwanda cha jibini cha kata yetu kilimchukua kwenye chumba cha kupimia maziwa, na tangu hapo kila Jumapili alinipigia simu.

"Nimepima sampuli thelathini na moja wiki hii," alisema safari ya kwanza. "Wamenipa na koti jeupe."

"Linakukaa vizuri, baba?"

"Mama yako anasema nafanana na kinyozi. Sasa niambie, Verena: mafuta ya maziwa yakipanda juu, ile protini inabaki wapi?"