Moshi wa Shangazi

Pikipiki ile iliitwa Shangazi, na aliyeipa jina hilo hakukosea. Ilifika ilipotaka, ilisimama ilipotaka, na ikikasirika nyumba nzima ilijua. Kishikio chake cha breki kilifungwa kwa waya. Taa yake ya mbele ilitazama juu kama mtu anayesubiri ndege. Tangi lake lilikuwa limepakwa rangi mara nyingi mno, hata hakuna aliyekumbuka rangi ya kwanza. Lakini kiti kilikuwa kizuri ajabu. Kilikuwa cha ngozi bandia ya kahawia, mishono imepangana miwili miwili, imenyooka kama iliyochorwa kwa rula, kwa sababu aliyekishona alikuwa mke wa mwenye pikipiki, na mke huyo alikuwa fundi cherehani.

Mume mwenyewe alikuwa kinyozi. Ukimpa kichwa cha mtu, alikuwa bingwa; hata watoto wachanga walisinzia mikononi mwake. Ila mikono hiyo hiyo ikishika spana, ilikuwa kama ameiazima kwa jirani. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao alijaribu kusafisha kabureta kwa kitana. Meno mawili ya kitana yalibaki humo ndani, na Shangazi akakohoa wiki nzima. Tangu siku hiyo spana zilihamia kwa mke. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa ameishi na cherehani miaka mingi, akaona kwamba mashine ni mashine: ikiwa na njaa hulia hivi, ikibanwa hulia vile, na ukiipuuza hukulipa siku ambayo una haraka.

Kwa mdomo, Fundi hakuwa na neno jema hata moja kwa Shangazi. Alimwita "mke mwenzangu". Aliwaambia wateja wake kwamba katika nyumba ile kuna wanawake watatu, yeye, mama mkwe na huyo aliyelala uani, na anayebembelezwa kuliko wote ni huyo wa uani. Wateja walicheka, naye akaendelea kukata kitambaa huku ameridhika, maana utani ulikuwa kazi yake ya pili.

Jambo moja hakumwambia mtu. Fundi hakuweza kumwambia mumewe maneno matamu ana kwa ana. Alijaribu mara kadhaa, na kila alipofungua kinywa, ulimi ulikimbilia mzaha. Lakini akipanda nyuma ya Shangazi, injini ikanguruma na upepo ukavuma masikioni, alikuwa akiegemea mgongo wa mumewe na kusema yote. Alisema shati lile limempendeza. Alisema amechoka. Alisema wakati mwingine anaogopa uzee, na kwamba akiwa naye haogopi sana. Kinyozi, ambaye hakusikia kitu, alijibu kila kitu kwa neno moja: "Eeh." Fundi alitosheka nalo.

Basi Shangazi akaanza kutoa moshi.

Haukuwa moshi wa kawaida. Ulikuwa mzito, wa rangi ya samawati, wa kutambaa chini kama unatafuta kitu. Uliingia madirishani bila hodi. Jirani alianua nguo zake kila aliposikia Kinyozi anapiga kiki. Mama mkwe, ambaye wote walimwita Bibi, alisema sasa hahitaji saa, kwani akianza kupiga chafya anajua mwanawe anakwenda kazini.

Mwisho wa yote ulikuwa gauni. Fundi alikuwa amemaliza gauni jeupe la bibi harusi, amelitundika karibu na dirisha la uani lipate hewa. Mwenye gauni alipokuja kulijaribu, alilinusa, akamtazama Fundi, akauliza kwa adabu kama lilikuwa limepikwa. Ilibidi lifuliwe upya, shanga zote zikiwa juu yake. Jioni Kinyozi aliporudi, akiwa bado ameshika funguo, mkewe alimngoja mlangoni, akasema kwa sauti ambayo majirani hawakuhitaji kusogea ili waisikie:

"Chagua, bwana. Mimi au huyo Shangazi wako."

Kinyozi aliingia ndani taratibu, akakaa, akavua viatu.

Siku ya Ijumaa, wakinywa chai, alitoa jibu lake. Alisema kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi, kwamba amezungumza na Sumaku, yule mnunuzi wa vyuma chakavu, naye atapita kesho kabla ya mchana kumchukua Shangazi. Akaongeza kwamba amefikiri sana, kwamba chuma ni chuma tu, na kwamba hataki tena kumwona mkewe akifua gauni la watu kwa machozi.

Wakati huo Fundi alikuwa anapinda suruali, na mdomoni alikuwa amebana pini. Pini hizo zilimwokoa, kwani mwenye pini mdomoni hategemewi kujibu kitu. Alitikisa kichwa tu, hata yeye hakujua alikitikisa kwa maana gani. Alitamani kusema Shangazi asiuzwe. Lakini angewezaje kuyameza maneno ambayo mtaa mzima uliyasikia? Na angetoa sababu gani? Kwamba anataka mahali pa kusemea?

Jumamosi asubuhi alivaa aproni, akaburuta sanduku la spana hadi uani, akatangaza kwamba atamtazama Shangazi kwa mara ya mwisho ili asitoke hapa na aibu ya moshi. "Watu watasema amefukuzwa akiwa mgonjwa," alisema. Moyoni alijua anachotaka. Moshi ukiisha, pengine na ile kauli itakosa miguu, na hakuna atakayelazimika kuomba radhi.

Jumamosi ndiyo siku ya vichwa vingi, lakini Kinyozi hakwenda kufungua duka. Alichuchumaa kando na kitambaa mkononi, akawa anafuta tangi lililokwisha kufutwa. Bibi alileta kigoda na ungo wa mchele, akakaa mlango wa jikoni, mahali ambapo angechambua mchele bila kukosa lolote.

Fundi alifungua plagi. Ilitoka nyeusi, imelowa oili kama kijiko kilichotolewa kwenye asali. Moyo ukamshuka. Oili ikipanda mpaka huko juu, mara nyingi ringi za pistoni zimekwisha, na ringi za Shangazi hazikutengenezwa tena popote.

"Ni mbaya?" Kinyozi aliuliza.

"Nyamaza kwanza, nafikiri."

Aliamua kumwaga oili yote, aione kama ina chembe za chuma. Alisogeza beseni chini ya injini, akalegeza bolti. Oili ikashuka. Ikaendelea kushuka. Shangazi kwa kawaida hujazwa chupa moja na hashibi zaidi ya hapo, lakini chupa moja ilishuka, ikafuata nyingine, na beseni likaanza kuonyesha dalili za kushindwa.

"Mama, tafadhali, chombo," Fundi alisema bila kuinuka.

Bibi akamwaga mchele kwenye kitambaa, akaleta sufuria kuukuu. Alisimama akitazama ule mkondo mweusi. "Huyu anatapika au anajifungua?" aliuliza.

Ilipokwisha kabisa, Fundi alichovya kidole na kusugua. Haikuwa na chembe hata moja. Ilikuwa oili nzima, nzuri, ila ilikuwa nyingi mno, karibu mara tatu ya inayotakiwa. Ringi hazikuwa na kosa. Shangazi alikuwa amezamishwa. Kijiti cha kupimia kilivunjika zamani, na badala yake paliwekwa kizibo tu, kwa hiyo hakuna aliyejua ndani mna nini.

Fundi alijifuta mikono kidole kimoja kimoja. "Nani amekuwa akimtia oili?"

Kinyozi alikunja kitambaa chake mara mbili, akakikunjua.

Kisha akaeleza. Kwa miaka mingi Shangazi alivuja. Kwa hiyo kila Jumapili asubuhi, kabla watu hawajaamka, alikuwa anaongeza kikombe kimoja, kufidia kilichovuja. Alifanya hivyo kimyakimya, kwa sababu aliogopa mkewe akijua Shangazi anakunywa kiasi hicho, siku zake zitakuwa zimehesabika. Oili aliificha dukani, ndani ya chupa ya dawa ya nywele. Kuna siku nusura ampake mteja.

Fundi alitazama beseni. Aliona ataungua uso kwa aibu, lakini ulikuwa uso wa fundi na tayari una masizi, kwa hiyo haikuonekana.

"Mimi Jumapili jioni," alisema.

"Jioni nini?"

"Nilikuwa naongeza jioni. Ukiwa bafuni. Kikombe kimoja." Alifuta tena kidole kile kile. "Miezi michache nyuma nilipoziba ule uvujaji kwa gasketi mpya nikapunguza, nikawa naweka nusu. Kuacha kabisa moyo ulikataa."

Kinyozi alimkodolea macho. Wakageuka wote wawili kumtazama Bibi, kwa sababu Bibi alikuwa ameshika mbavu.

"Niliwaona," Bibi alisema alipopata pumzi. "Jumapili zote niliwaona. Huyu asubuhi, huyu jioni. Wanangu, nikadhani ndiyo dozi aliyoandikiwa."

Walicheka hadi ungo ukapinduka. Kinyozi alikaa chini kabisa, matako kwenye saruji, akicheka hadi kukosa sauti. Fundi alileta chupa yake kutoka chini ya kikapu cha vipande vya vitambaa, akapima sasa kwa kikombe, mbele ya macho yote sita, kiasi kile kinachotakiwa bila tone la ziada. Alisafisha plagi, akairudisha.

Lakini kicheko kilipotulia, Kinyozi alisema jambo lililomchoma. Alisema ameshukuru sana, maana sasa anajua kumbe mkewe alikuwa anamhurumia asikwame njiani. "Ulinifikiria mimi," alisema, "ijapokuwa yeye humpendi." Akasimama, akajikung'uta, akasema Sumaku atakuwa karibu kufika, na mtu akishatoa neno lake hawezi kulirudisha kwa sababu tu moshi utapungua. Kauli ya mkewe ilikuwa mimi au yeye. Haikuwa mimi au moshi.

Fundi alifungua kinywa. Safari hii hakuwa na pini, na bado hakuna kilichotoka.

Sumaku akapiga hodi. Alikuwa mtu mfupi mwenye koti lenye mifuko mingi, na kwenye kamba shingoni alining'iniza sumaku yake, ndiyo iliyompa jina. Aliwaamkia wote, Bibi kwanza. Kinyozi akapiga kiki ili mgeni aone. Shangazi aliwaka mara ya pili tu. Akatema wingu moja kubwa, mabaki ya ile oili, na Sumaku akatoweka ndani yake, walimsikia akikohoa. Kisha wingu likawa jembamba, likawa uzi, likaisha. Injini ilinguruma kwa utulivu ambao hakuna aliyeukumbuka. Kinyozi aliizima haraka, kama mtu anayeogopa kusikiliza zaidi.

Sumaku alianza kazi. Alibandika sumaku kwenye injini, ikashika. Akaibandika kwenye tangi, ikaanguka. Akaijaribu pembeni, ikaanguka tena.

"Shemeji," alimwambia Fundi, "hili tangi ni chuma au ni rangi tupu?"

"Ni rangi na imani," alijibu Bibi.

Sumaku akasema hakuna neno, atamchukua hivyo hivyo, na akashika usukani. Shangazi akasogea hatua moja kuelekea mlango wa ua. Gurudumu la nyuma likalia, kama lilivyolia siku zote.

"Kiti hakiuzwi," alisema Fundi.

Wote wakasimama.

"Kile kiti ni changu. Nimekishona mwenyewe, kwa kitambaa changu na kwa uzi wangu. Hakitoki hapa."

Sumaku hakuwa mgomvi. Akasema basi, kifunguliwe, yeye anataka vyuma tu. Fundi akachukua spana, akapiga magoti kando ya Shangazi, akaiweka kwenye bolti ya kwanza. Mkono haukuzunguka. Alibaki hapo, kichwa ameinamisha, na wakamsikia akisema na ile bolti, kwa sababu bolti haina macho:

"Nikikitoa nitakaa wapi mimi? Nyuma yake nitakaa wapi?"

Kinyozi alimtazama mkewe kama anavyotazama kichwa cha mteja kabla ya kukinyoa, kwa makini, akikizunguka chote. Halafu akaondoa mkono wa Sumaku kwenye usukani, kidole kimoja kimoja, kwa adabu.

"Ndugu yangu," alisema, "nimekupotezea muda. Kaa nikunyoe."

Sumaku aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akamtazama Bibi, na Bibi akamsogezea kigoda. Alinyolewa pale pale uani, taratibu, mpaka nyuma ya masikio, na alipoondoka alipewa mfuko wa bolti kuukuu, alizozigusa kwa sumaku yake njia nzima kwa furaha.

Alasiri walitoka kumjaribu Shangazi. Jirani alianza kuanua nguo, akaona hakuna moshi, akazirudisha. Walipofika barabara pana Fundi aliegemea mgongo wa mumewe kama kawaida. Alisema hakuwahi kumchukia Shangazi hata siku moja. Akasema na jambo jingine pia, lile ambalo lilikuwa likigeuka mzaha kila alipolijaribu nyumbani.

Badala ya kujibu "Eeh," Kinyozi alipunguza mwendo mpaka injini ikanong'ona tu.

"Sema tena. Sijasikia vizuri."

Ulimi wa Fundi ulishaanza kukimbia.

"Nimesema angalia shimo," alisema.

Barabara ilikuwa tambarare mpaka macho yanapoishia. Kinyozi akainamisha usukani, akalikwepa lile shimo kwa heshima zote.