Ilani za Chumba Namba Tisa

Jumanne moja ya Machi, mwaka 1954, fundi Zebedayo aliuchomeka mtaimbo ardhini huko Pongwe, mahali palipopimwa chumba namba tisa cha kambi ya wakata mkonge. Mtaimbo ukazama wote, ukamponyoka, na baada ya muda akausikia ukitumbukia majini, mbali sana chini. Akawasimamisha vibarua, akaenda kuandika barua.

Zebedayo alikuwa Mshambaa wa Bumbuli, Mlutheri, mtu wa mwandiko mzuri. Aliandika kwamba chini ya chumba hicho kuna pango, na kwamba kambi isogezwe hatua mia moja. Akaipeleka barua kwa Idarusi, karani wa mwenye shamba, Himyar bin Thuwaini. Idarusi aliisoma mpaka mwisho, akamrudishia. Mkataba ulisema ilani yoyote ya ujenzi ikabidhiwe nyumbani kwa mwenye shamba, mtaa wa Usagara, mjini. Ikipelekwa pengine, ihesabiwe haikupelekwa.

Zebedayo akamkumbusha kwamba nyumba ile ilibomolewa mwaka juzi, na Himyar sasa anaishi Unguja.

"Najua, fundi," alisema Idarusi. "Lakini hata ilani ya kubadili anwani inapelekwa hapo hapo."

Basi Zebedayo akapanda baiskeli hadi Usagara, akaiweka barua katikati ya kiwanja kitupu, akaikandamiza kwa jiwe. Kesho yake barua haikuwepo. Palisimama mlango wa mbao za msaji, uliopigiliwa njumu za shaba, peke yake, bila ukuta. Mwanamkasi, aliyeuza vitumbua ng'ambo ya barabara, alisema ulikuja baada ya sala ya alfajiri. Zebedayo akaipitisha nakala chini ya mlango.

Alipofika na barua ya tatu, kuta zilikuwa zimekwisha kurudi. Weupe wa chokaa yake uliwafanya wapita njia wapunguze sauti, na wenye baiskeli wakashuka wakazikokota. Wazee wawili walivua viatu bila kuambiwa na mtu.

Aliyefungua mlango alikuwa Bi Muzna, mama yake Himyar, aliyefariki miaka minne nyuma. Zebedayo alimtambua, maana ndiye aliyelijenga kaburi lake.

"Shikamoo, Bi Muzna."

"Marahaba, baba. Herufi hizi sizijui. Nisomee."

Akamsomea. Tangu alipobarikiwa kanisani utotoni hakuwahi kusimama mahali akajiona mdogo kiasi kile. Bi Muzna akasikiliza mpaka mwisho, akatia sahihi kwa herufi za Kiarabu.

"Mwanangu haji hapa," alisema. "Lakini imefika."

Idarusi alikuja mwenyewe kuhakikisha. Akaitazama nyumba, akailinganisha sahihi na hati za zamani, akaridhika kwamba ilani imepokewa kihalali. Kwa mujibu wa mkataba, akaeleza, mwenye shamba sasa ana miezi mitatu ya kujibu, na kwa muda huo kazi haisimami. Zebedayo alikataa kuendelea. Akaletwa fundi mwingine, na katikati ya Mei watu wakahamia kambini.

Jumatatu ya mwisho ya mwezi huo, saa nne asubuhi, mvua ikinyesha, chumba namba tisa kilididimia. Ndani alikuwemo Bibiana, mke wa Ernesti, mkata mkonge kutoka Kasulu. Walioteremsha kamba hawakufika mwisho wa shimo. Walisikia maji tu.

Baada ya wiki mbili majibu yakaja kutoka Unguja. Himyar alikiri kwamba ilani ilifika mahali panapostahili, ila chumba kilianguka kabla ya muda wa kujibu kuisha, na kwa hiyo hapakuwa na wa kulaumiwa. Shimo likajazwa kifusi. Chumba kikajengwa upya pale pale, na Ernesti akapewa ufunguo wake, kwa kuwa vingine vyote vilikuwa na watu.

Zebedayo akaandika ilani ya kifo, akamchukua Ernesti hadi Usagara. Bi Muzna alipolisikia jina la Bibiana, alimgeukia Ernesti.

"Yuko uani," alisema. "Alikuja amelowa. Anaanika nguo zake."

Ernesti akavua kofia. Akaomba aingie.

"Nyumba hii imerudi kupokea barua, mwanangu. Walio hai haiwapokei."

Ernesti hakujua kuandika, ila mkewe alikuwa amefundishwa kusoma na masista. Kwa hiyo Zebedayo akaketi barazani na kuandika alichoambiwa: kwamba yule kuku mweupe ametotoa vifaranga saba, wote wazima, kwamba kanga yake moja imepatikana kwa jirani, na kwamba akimhitaji, anwani haijabadilika, ni namba tisa.

Bi Muzna akaipokea barua kwa mikono miwili, akaingia nayo. Walisikia nguo zikikung'utwa uani, kisha kukung'utwa kukakoma. Kimya kilidumu kwa muda ambao mtu aliyejifunza kusoma ukubwani angehitaji kumaliza mistari mitano. Halafu nguo zikaendelea kukung'utwa, polepole.

Ernesti akaishukuru nyumba, akarudi Pongwe kwa miguu. Chokaa ya namba tisa ilikuwa bado mbichi. Akafungua mlango, akaingia.