Radi Siku ya Kumkumbuka Gentrix

Tulikuwa maktabani Kakamega tukimkumbuka marehemu Gentrix, mkutubi wetu, radi ilipopasuka juu ya mabati. Stima ikapotea. Watoto wakakimbilia mlango wakajifiche chini ya mti wa nje, na huku kwetu radi hupiga miti. Nilitaka kuwazuia, lakini nami niliiogopa radi. Siku za radi, Gentrix ndiye aliyewatuliza, kwa vitendawili.

“Kitendawili,” nikasema.

Wakasimama mlangoni.

“Tega, kukhu,” mjukuu wangu Awinja akanijibu mimi nyanya yake, akilia.

“Namsikia mpiga ngoma, simwoni.”

“Radi,” wakajibu wote, kama Gentrix alivyowafunza.

“Kingine, kukhu,” akasema Awinja.

Nikatega kingine na kingine mpaka mvua ikaisha. Hotuba za kumkumbuka Gentrix hazikusomwa. Hakuna mtoto aliyetoka nje.