Uzi Uliokunjwa Katikati

Mwanangu ni kinyozi, na kila mtu anamwita Bosi kwa sababu ya tumbo. Naye analipenda jina hilo. Akisimama nyuma ya kiti cha kunyolea, kioo kinamwonyesha kuanzia kifuani kwenda juu, basi anaona ndevu zilizochongwa, anaridhika.

Mimi siridhiki. Tangu muuguzi alipokuja kutufundisha baada ya ibada, sikai nikatulia. Nikianza kusali, sala inakatika. Nikishika ufagio, nauacha katikati ya chumba. Muuguzi alisema: chukua uzi wenye urefu wako, kuanzia utosini hadi kisiginoni, ukunje katikati, kisha uzungushe kiunoni, juu kidogo ya kitovu. Ncha zisipokutana, huenda mafuta yameanza kuzonga ini na moyo, na mtu anaweza kuishi hivyo miaka mingi bila kusikia maumivu.

Baba yake hakusikia maumivu. Alianguka mlangoni akivaa viatu, hakuinuka tena.

Nikachukua uzi wa kufumia, nikaenda kwenye banda la mwanangu. Seremala alikuwa kitini, povu kidevuni, na muuza simu akisubiri zamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simama wima nikupime."

"Unanishonea suti?"

"Simama, baba."

Akasimama, wembe mkononi. Muuza simu akanishikia ncha utosini, maana mimi sifiki. Nikavuta hadi kisiginoni, nikakata.

"Mama, kama ni jeneza, kazi hiyo niachie mimi," seremala akatania.

Wakacheka.

"Ni yule muuguzi wako tena," Bosi akasema. "Mimi sijanenepa, mama. Suruali hii ni ya harusi yangu, na mpaka leo inaniingia bila kubana pumzi!"

Maneno yaleyale ya baba yake, hata ile sauti ya kujigamba.

"Inakuingia wapi?" nikamuuliza. "Siku ya harusi mkanda ulikuwa kitovuni. Leo uko wapi?"

Akainama kuutafuta. Hakuuona. Akapapasa, akaukuta chini kabisa ya tumbo, umejibanza kama mtoto aliyevunja kikombe. Seremala alicheka mpaka povu likamwingia mdomoni.

"Mkanda ndio uliohama," nikasema.

Nikaukunja uzi, nikauzungusha. Ncha zilikataa kukutana. Pengo lilipita upana wa kiganja changu. Hapo wateja nao wakaanza kukatiana nyuzi, na muuza simu, mwembamba kama mwiko, akatamba kwamba ncha zake zimepishana. Bosi peke yake hakucheka. Alimaliza kidevu cha seremala, kisha akauokota uzi wake, akautia mfukoni.

Kesho yake banda halikufunguliwa. Nikaenda kwake, mkwe wangu akasema ametoka alfajiri, hata chai hakunywa. Nikarudi nyumbani, nikatoka tena barabarani, nikarudi. Nilisali nimesimama mlangoni, jicho kwenye kona.

Akatokea akitembea kwa miguu, yeye ambaye hata dukani huenda kwa pikipiki.

"Presha iko juu," akasema kabla hata hajanisalimu. "Sukari nayo inanyemelea. Nimepewa dawa, nimeambiwa niache soda, nitembee, halafu nirudi wanipime tena."

"Wamesema umechelewa?"

"Wamesema nimewahi."

Akachomoa uzi mfukoni, akaninyooshea. "Nitunzie, mama."

"Utunze mwenyewe. Tumbo ni lako."

Akatazama huku na huku kama kuna mtu barabarani, kisha akaipandisha suruali hadi kitovuni. Kifungo na tundu lake vikabaki mbalimbali, kila kimoja upande wake. Akaishusha polepole, akaurudisha uzi mfukoni, akashika njia ya kazini kwa miguu. Nikamsindikiza kwa macho mpaka kona, na alipopotea nikatoka barabarani nimwone tena.