Wa Pili Kutoka Kushoto

Chama cha Historia cha mji wa Harrowclough kilikuwa kimeshatoa vitabu kumi na kimoja vya picha za zamani, na Albert Entwistle alikuwemo katika kila kimoja. Katika cha kwanza alipiga tarumbeta kwenye bendi ya kanisa. Katika cha nne alisimama kando ya kabichi zilizoshinda tuzo. Katika cha tisa alikuwa mgongo tu, lakini mgongo wenye jina kamili na mwaka wa kuzaliwa. Kwamba mwandishi wa vitabu vyote hivyo, Desmond Entwistle, mwalimu mstaafu wa jiografia, alikuwa mjukuu wake, hilo lilitokea tu. Akina Albert wa vitabu hivyo, ukiwatazama vizuri, hawakufanana sana. Mmoja alikuwa mrefu, mwingine mfupi mwenye masikio ya kutosha watu wawili. Hakuna aliyeuliza. Watu walinunua kitabu kila Krismasi, wakakimbilia orodha ya majina kule nyuma kutafuta ukoo wao, wakaukosa, wakamkuta Albert.

Hilda Crabtree naye alivinunua vyote. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mjane, na kwa miaka thelathini na mmoja alishona vifungo katika kiwanda cha makoti ya mvua hadi kilipofungwa. Alijiunga na Chama kwa sababu moja tu. Mama yake, Edith Nuttall, alikuwa mfumaji, na mwaka wa 1932 wafumaji walipogoma, alikuwa kwenye kamati ya mgomo. Ndivyo alivyosema mwenyewe. Mgomo uliposhindwa, hakuna kiwanda kilichompa kazi tena, akaishia kupiga deki kwenye ngazi za watu wengine mpaka magoti yakamwisha. Hadithi ya kamati aliisimulia kila mara, kwenye chai, kwenye mazishi, na wakwe zake wakacheka kila mara, kwamba tangu lini wanaume wa Harrowclough wakamweka mwanamke kwenye kamati. Akaisimulia hata siku ya harusi ya Hilda. Na Hilda, akiwa na shela kichwani na aibu usoni, akamwambia anyamaze. Mama alinyamaza, na hakuisimulia tena hadi alipokufa.

Sasa, katika mwaka wa 1998, picha ilikuwa imepatikana. Ilitoka kwenye dari la duka la mpiga picha, negativu ya kizamani ya kioo kizito, na Chama kikaisafisha kwenye karatasi kwa ajili ya kitabu cha kumi na mbili. Watu watano wamesimama kwenye ngazi za ukumbi wa wafumaji. Wa kwanza kushoto ni mwanamume aliyeshika mti wa bendera iliyoviringishwa, kifua mbele. Wa pili ni mwanamke aliyeshusha shali mabegani, kichwa wazi, anakutazama kana kwamba una deni lake. Hilda alipouona uso ule ilibidi akae chini. Katikati mwanamume mnene, wa nne mwanamume mwenye masharubu, na wa tano, mwisho kabisa kulia, mwanamume aliyevuta kofia hadi puani.

Majina yalitoka kwenye gazeti la siku ile. Picha ya gazetini ilikuwa imekatwa na mtu kwa mkasi zamani, yakabaki maelezo tu: kutoka kushoto, A. Entwistle, T. Ramsbottom, H. Kay, E. Nuttall, F. Duxbury. Desmond alipoona babu yake ndiye mshika bendera alifurahi mpaka akanunua fremu. Kwamba kwa hesabu hiyo Ramsbottom alikuwa mwanamke na Nuttall alikuwa na masharubu, halikumkosesha usingizi. Aliandika "Bi T. Ramsbottom (labda Theresa)" na "Ernest Nuttall", na mji ukapata watu wawili wapya ambao mama zao hawakuwahi kuwazaa.

Hilda alimwendea mara tatu. Mara ya kwanza Desmond alimweleza kwa upole, kama anayemwonyesha mtoto bara la Afrika kwenye ramani, kuwa kumbukumbu si hati. Mara ya pili alimwambia kuwa kila familia mjini inataka bibi shujaa. Mara ya tatu alimpa fomu.

Kwa hiyo Alhamisi ile saa nane mchana, katika chumba cha juu cha maktaba, Hilda alijua kuwa hana nafasi nyingine. Kesho yake kitabu kingekwenda kwa wachapaji, na baada ya hapo mama yake angekuwa Theresa milele, kwa jalada gumu. Wanachama tisa walikuwa wamekaa kupitia kurasa, mvua inapiga madirishani, na katibu, Thelma Haworth, anapitisha chai na keki ya tangawizi iliyokuwa ngumu kuliko vitabu vyenyewe. Kurasa zilipita kwa kunyosha mikono tu, bila mtu kutazama, maana hiyo ndiyo desturi yao: ukimsahihisha mwenzako leo, Alhamisi ijayo atakusahihisha wewe, na chai itapoa.

Walipofika ukurasa wa arobaini, Hilda hakunyosha mkono. Aliivuta picha karibu kabla hawajapiga kura, akaitazama kwa mara ya mwisho, safari hii si uso wa mama yake, kwani ulikuwa unamuumiza, bali nguo za wengine. Macho yake yakafanya kazi yaliyoifanya kwa miaka thelathini na mmoja. Akaitazama tena, akaiweka mezani.

"Mwalimu," alisema, "hebu niambie. Babu yako alikuwa anavaa koti la bibi yako?"

Kikombe cha Thelma kikasimama njiani. Desmond akacheka kidogo, akauliza koti limeingiaje.

"Koti la mwanamume vifungo viko mkono wake wa kulia. La mwanamke, wa kushoto. Nimevishona, nimevikata, nimevipigia watu kelele. Sasa tazama hapo. Wanaume wanne, na wote vifungo viko kushoto. Ama siku hiyo wote wanne walitoka nyumbani na makoti ya wake zao, ama nyinyi mmekisafisha kioo kinyume."

Wazee watano waliinamisha vichwa, kila mmoja akajikagua kifua chake mwenyewe, halafu picha, halafu kifua tena. Thelma akaichukua picha bila kuomba ruhusa, akaibandika dirishani, mgongo wa picha ukiwaelekea wao, mwanga ukapenya, kushoto kukawa kulia.

"Haya," alisema Thelma, "kutoka kushoto. E. Nuttall ni wa nne. Mmoja, wawili, watatu..." Kidole chake kikatua kwenye shali. "Mwalimu wangu, Ernest wako ana matiti."

Hilda hakucheka na wengine. Na Desmond pia hakucheka, kwa sababu alikuwa ameendelea kuhesabu. Mshika bendera sasa alikuwa Duxbury. Wa kwanza kushoto, A. Entwistle, alikuwa yule aliyejificha ndani ya kofia.

Alikohoa, akakunja miwani, akaikunjua. Kisha akapata suluhisho, maana mtu haandiki vitabu kumi na kimoja bila kujifunza. Alisema kuwa bila shaka kosa litasahihishwa, na Bi Edith Nuttall ataandikwa kwa jina lake kamili. Ila ukurasa ni mwembamba. Ingefaa kukata kidogo upande wa kushoto. Wanne wangetosha.

Wanachama walimtazama Hilda. Jina la mama yake lilikuwa pale mezani, anapewa, na hakutakiwa kufanya kitu isipokuwa kunyamaza. Kunyamaza alishawahi kumfundisha mtu mwingine, na alijua kulikoishia.

"Usimkate," alisema.

"Bi Hilda, ninakusaidia."

"Mama alikuwa akimtaja. Albert alikuwa na watoto watano na mkewe yuko kitandani, mgonjwa. Alijua wenye kiwanda wataitazama picha hii kwa kioo cha kukuzia. Walioitwa kwenye zile ngazi walikuwa kumi na wawili, Mwalimu. Hao watano ndio waliokuja."

Desmond aliigeukia picha pale dirishani. Alipouliza, sauti yake haikuwa ya darasani.

"Kwa hiyo alikuwa anaogopa?"

"Alikuwa anaogopa. Mama naye aliogopa, aliniambia miguu ilimtetemeka. Na shali alikuwa nayo, angeweza kujifunika." Hilda akapangusa mdomo kwa kiganja. "Akaishusha."

Desmond akavuta kalamu ya risasi. Akafuta mstari wake wote, akaanza upya kutoka kushoto, polepole: Albert Entwistle, amefunika uso. Alipofika wa nne alisimama, akamuuliza Hilda kama Edith alikuwa na jina la kati.