Siku Mbili za Sabir

Hadiya alikuwa hajalia. Mwaka mzima, hebu fikiria! Mumewe Sabir, fundi friji wa Kaloleni, alianguka asubuhi akitoka kunywa chai kwa mama yake, jioni akawa ameshazikwa, na mjane wake hakutoa chozi hata la kuwaridhisha majirani. Watu wakasema, na Kisumu watu hawakosi la kusema. Huyu akasema ni mshtuko, yule akasema ni roho ngumu, wengine wakamaliza kabisa wakasema hakumpenda.

Kumbe mwenyewe alikuwa anangoja tarehe.

Usicheke, kazi yake ndiyo iliyomharibu. Kila asubuhi Hadiya ndiye anayesoma kipindi cha Siku Kama ya Leo kwenye redio moja ya hapa mjini: nani alizaliwa, nchi gani ilipata uhuru, meli gani ilizama. Ukifanya hivyo miaka na miaka, kichwa chako kinageuka kalenda ya ukutani. Kwake yeye, mambo ya dunia yote yalikuwa na siku yake, na siku hiyo hurudi. Basi alipoona machozi hayaji, alijipa moyo. Agosti saba ikirudi, nitalia.

Mama mkwe wake, Bi Naeema, hakuwa na habari na Agosti. Yeye anafuata mwezi unaoandama. Kwa hesabu yake Sabir alikufa mwanzoni mwa mwezi wa Safar, na Safar ya mwaka huu ilitangulia kama ilivyo kawaida yake, kwa hiyo hitma ya mwaka ilisomwa Julai haijaisha. Watu walikuja kutoka Migosi mpaka Nyamasaria. Pilau ililika, dua ikasomwa, na Bi Naeema akalia kilio cha kupasua kifua, wanawake wawili wakamshika mikono. Kila mtu alisema huyo ndiye mama. Hadiya alikuwa anagawa soda na sahani, macho makavu, akijiambia, bado, bado. Wageni walipotawanyika mkwewe alimwambia, "Basi, mwanangu. Tumemaliza." Akaitikia, "Ndiyo, mama," na moyoni akasema, nyinyi mmemaliza, zamu yangu haijafika.

Haya, zamu ikafika. Alfajiri ya Agosti saba aliketi kitandani akangoja. Hakuna. Alifungua kabati akatoa shati la Sabir, akalishika. Lilikuwa shati tu, na lilihitaji pasi. Alikuwa na ganzi kama ile ya kung'olewa jino, unajua mdomo ni wako lakini hata ukijiuma husikii. Hapo ndipo hofu ilipomwingia kweli. Kama si leo, ni lini tena? Labda walisema kweli kwamba hakumpenda. Alivaa, akaenda kazini, maana kipindi hakimngoji mtu.

Studioni alikuta fundi mitambo, Okinyi, anakunywa uji.

"Sista, uko sawa?"

"Niko sawa."

Okinyi alimwangalia kidogo, akarudi kwa uji wake. Hakukumbuka. Na kwa nini akumbuke? Taa nyekundu ikawaka.

"Siku kama ya leo," Hadiya alisoma, sauti laini kama siku zote, "mwaka wa elfu moja mia tisa na sitini, Côte d'Ivoire ilipata uhuru wake. Na siku kama ya leo, mwaka wa tisini na nane, mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam, asubuhi moja. Wewe ulikuwa wapi? Tupigie."

Wa kwanza alikuwa Mzee Zacchaeus, muuza spea za baiskeli, mtu wa Nyeri aliyezeekea Kisumu. Huyu mzee hupiga kila siku, na kila jambo lililotokea duniani yeye alikuwepo.

"Hiyo ya Nairobi nilikuwa hapo tu karibu!"

"Juzi si ulituambia mwaka huo ulikuwa Uganda, Mzee?"

"Nilikuwa nimerudi! Kwani mtu harudi?"

Okinyi akacheka nyuma ya kioo. Hadiya naye akacheka, kicheko cha kazi, akamshukuru. Okinyi akaonyesha vidole viwili: laini ya pili.

"Karibu, msikilizaji. Siku kama ya leo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa jikoni kwangu, Kaloleni." Ilikuwa sauti ya mama mzima, anayeongea polepole. "Lakini si mwaka wa bomu. Mwaka jana. Mtoto wangu alikuja kunywa chai. Akasema, mama, ongeza sauti ya redio, mke wangu anasoma. Tukasikiliza wote wawili. Akamaliza chai, akatoka. Hakufika hata kwa geti. Sina maneno mengi. Nimeona leo hakuna mtu amenipigia simu, nikasema wacha mimi nipige."

Na Hadiya, Mungu amsamehe, mdomo wake ukafanya kile ulichozoea.

"Asante sana kwa kupiga, mama. Tunashukuru kwa mchango wako. Endelea kutusikiliza."

Akabonyeza. Laini ikakatika.

Okinyi aliweka kijiko chini. Hadiya aliona uso wake ndipo akasikia alichokisema yeye mwenyewe, na kwa nani. Alinyoosha mkono akaweka wimbo, wowote, akavua vifaa vya masikioni, akatoka koridoni na simu yake. Alikosea jina mara mbili kabla ya kulipata.

"Mama, ni mimi."

"Najua. Umefanya kazi yako vizuri."

"Mama, nisamehe. Nilidhani wewe ulishamaliza. Nilidhani leo ni yangu peke yangu."

"Hitma ni haki ya maiti, Hadiya. Nimempa haki yake. Leo sijui ni ya nani, nimeamka tu nikaona siwezi kukaa."

Hadiya aliegemea ukuta. Aibu ilimpanda, lakini alisema, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwambia.

"Mama, sijalia. Nimengoja leo, na hata leo machozi hayaji. Naogopa."

Upande wa pili redio ilisikika ikipiga ule wimbo aliouweka, halafu ikapunguzwa.

"Siku ile ya hitma, wanawake walinishika mikono, uliona?"

"Niliona."

"Nililia kwa sababu watu wamejaa na wananiangalia mimi. Walipoondoka, nikaosha sufuria. Mimi pia bado, mwanangu. Njoo ukimaliza, tukae."